Mtoto Hadai Mshahara

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Renatus, na Renatus mwenyewe, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu kwa kipaza sauti cha kukodi kilichokuwa kikikoroma. Alisoma kuzaliwa, kuolewa, kufungua duka, na utumishi wa marehemu katika jumuiya ya kanisa. Kisha akafika kwenye watoto. Wa kuzaa aliwataja watano. Halafu akasema marehemu alijaliwa pia watoto wa kulea, "wale dada zetu wa dukani," akaanza kututaja kwa majina, na la tatu lilikuwa langu, Editha. Wanawake niliokaa nao mkekani wakageuka kunitazama kwa huruma. Mmoja akanishika goti akanong'ona, "Pole sana dada. Kumbe na wewe ni mtoto wa marehemu." Nilimjibu kwamba nilikuwa mfanyakazi wake. Akaondoa mkono gotini kwangu, akaniambia maneno hayo hayasemwi msibani.

Mbele yetu walikaa wasichana wa sasa wa duka lile, wote katika sare ya kitenge cha zambarau, wamependeza. Duka siku hizi lina rafu za chuma, kamera juu ya mlango na mashine ya risiti. Nikamsifu mmoja wao kwa sare, maana msibani watu hutafuta cha kusema. Akaangalia nyuma kwanza, kisha akanijibu kwa sauti ya chini, "Tumekatwa kwenye mshahara, mama. Kitenge na kushona." Nikamuuliza kama mshahara wenyewe unatosha. Akaniambia anapanga chumba hapa hapa Nsemulwa na kodi imepandishwa tena, mkaa ndio usiseme, na hela ikiingia kwenye simu asubuhi, mchana mkopo umeshaikata. Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stesheni, na huko kutokuwa na uchungu ndiko kulikoniudhi. Wanasema marehemu hasemwi. Basi pale msibani sikusema kitu. Nilikula wali wao, nikanawa, nikarudi nyumbani, na sasa naandika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia kwenye duka lile. Ya nyumbani kwetu Mwese nayaruka. Yatosha kujua kwamba nilikuwa na shangazi, na kwamba yeye ndiye aliyenileta mjini, nusu ya njia kwa miguu na nusu kwa lori, akiwa na debe la maharage la kumpa mwenyeji. Makubaliano ya kazi yangu yalifanyika sebuleni kwa Mama Renatus nikiwa nimesimama karibu na pazia. Shangazi alisema, "Dada, mtoto huyu nakukabidhi." Mama Renatus akajibu, "Usiwe na wasiwasi, atakuwa mwanangu kama hawa wengine." Wakashikana mikono, maharage yakapelekwa jikoni, shangazi akanywa chai na kuondoka akiwa na furaha. Neno mshahara halikutajwa, na kama lingetajwa nadhani shangazi ndiye angeona aibu. Ukikabidhi mtoto kwa mtu huulizi analipa kiasi gani. Mama Renatus alilijua hilo vizuri kuliko alivyozijua sala zake, na wasichana wake wote aliwapokea hivyo hivyo, kwa kukabidhiwa.

Nyuma ya duka palikuwa na stoo, na stoo ndiyo iliyokuwa chumba chetu, mimi na Jenista, mwenzangu aliyenitangulia. Hatukuwa na kitanda. Tulitandika godoro juu ya magunia ya mchele. Baada ya mavuno, malori yalipotoka vijijini Kibaoni, magunia yalipangwa mpaka karibu na bati, nasi tulipanda kwenda kulala kwa kukanyaga madebe, na ukiamka ghafla unagonga kichwa. Mama Renatus hakuuza mchele ule. Alisubiri. Alianza kuutoa mvua zilipokolea, watu wa vijijini walipomaliza akiba, yaani wale wale waliomuuzia. Na kadiri bei ilivyopanda, ndivyo kitanda chetu kilivyoshuka. Krismasi ilitukuta usawa wa dirisha. Kufika Kwaresima tulikuwa sakafuni, baridi ya saruji inatuingia mbavuni, na wakati huo kilo ya mchele ilikuwa imefika bei ambayo mfanyakazi wa duka asingeigusa hata kama angekuwa analipwa. Tuliulalia mchele mwaka mzima na hatukuwahi kuula.

Tulichokula ni chenga, zile punje zilizovunjika mashineni ambazo wengine huwapa kuku. Wali wa sebuleni ulipikwa kwa mchele mzima. Wetu ulipikwa uani, kwenye sufuria nyeusi isiyo na mfuniko. Bei yoyote ikipanda sokoni, sufuria ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupata habari. Mafuta yakipanda, mboga ilikuja imechemshwa kwa chumvi. Dagaa wa Karema wakipanda, walikuja vichwa. Sukari ilipoadimika, chai yetu ikawa maji ya rangi, na Jenista alikuwa akiikoroga hata hivyo, eti kwa heshima. Dukani Mama Renatus alipandisha bei siku ile ile aliposikia fununu. Hasara haikumkaa hata usiku mmoja. Kila alichopunjwa na dunia alikihamishia kwa wateja, na kilichobaki akakihamishia kwenye sufuria yetu.

Siku moja nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kaunta napanga sabuni za mche, naye akawa anaongea na rafiki yake, mwenye duka la vitenge. Hawakujua kwamba nipo, au walijua na hawakujali. Rafiki alikuwa akilalamika kwamba msichana wake ameacha kazi bila hata kuaga.

"Kosa lako ulikuwa unamlipa," Mama Renatus akamwambia. "Mtu ukimlipa mwisho wa mwezi, anakuwa na nauli. Mimi wangu nawalisha, nawavisha, wakiugua nawauguza. Wataenda wapi?"

"Na wakidai?"

"Wadai nini? Mtoto hadai mshahara kwa mama yake."

Wakacheka, wakamiminiana chai nyingine, wakahamia habari za harusi ya mtu. Mimi nilibaki na mche wa sabuni mkononi. Mpaka dakika ile nilikuwa nikidhani anasahau kunilipa. Nilikuwa mjinga kiasi hicho: niliona mwanamke mwenye mambo mengi, nikamwonea huruma.

Kwa kuwa hatukulipwa, kila kitu tulikiomba. Uliomba sabuni, ukajibiwa, "Ile ya wiki iliyopita umeila?" Uliomba mafuta ya kupaka, ukaambiwa unampakia nani. Pedi tuliziuza sisi wenyewe, na mimi ndiye niliyezipangusa vumbi kila asubuhi. Lakini nikizihitaji ilinibidi ningoje mumewe atoke dukani ndipo niombe, na mara nyingine nilipewa kipande cha kitenge chakavu na hotuba juu ya wanawake wa enzi zao walivyokuwa wavumilivu. Ukiuliza mshahara hakukasirika. Alikushika bega. "Hela yako ninayo, mwanangu. Ipo. Nikikupa sasa utaichezea. Siku ukiondoka kwa heri, nitakupa mtaji ufungue lako." Alilisema neno hilo la kwa heri kwa namna ya kukufanya ujiulize kama umeshaiharibu.

Sitakuwa mwongo. Nilipougua malaria ya kupanda kichwani alinilaza kwenye chumba cha wanawe, akanipeleka hospitali kwa gharama yake, akaninywesha uji kwa kijiko kama mtoto mchanga kweli. Nililia. Nilimwita Mama siku zile nikimaanisha. Nilipopona, mwezi uliofuata, nikauliza tena habari ya mshahara wangu, akanitajia uji. Tangu siku hiyo nauogopa wema usio na bei. Nikinunua kitu kwa mtu akaniambia nitamlipa nikipata, siendi tena kwake.

Kazi ya kuandika bei kwenye vipande vya boksi ilikuwa yangu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Alinisomea, nikaandika, nikachomeka kibao kwenye gunia, halafu nikasimama nyuma ya gunia hilo kupokea matusi. Mteja hamtukani mwenye duka. Mwenye duka yuko ndani anahesabu, au yuko kanisani. Anamtukana aliye mbele yake.

"Juzi nimenunua kwa bei nyingine," mama mmoja wa mitaa ya stesheni aliniambia, mtoto mgongoni, kikapu kitupu. "Nyie mnalala mnapanga namna ya kutuua?"

"Si mimi, mama. Mama ndiye amepandisha."

"Si ndiye mama yako? Nyie wote ni wale wale."

Akatema mate karibu na mlango, akaondoka. Nilimchukia siku nzima yule mwanamke, na kwa nini nifiche, nilichukia wateja wote mwaka ule, walivyopapasa unga kana kwamba ni mimi niliyetia mchanga, walivyonisubirisha nipime robo kisha wakabadili mawazo. Nilikuwa na njaa kuliko wengi wao. Lakini nilikuwa nimesimama upande wa mchele, na njaa ya mtu aliyesimama upande wa mchele haionekani.

Ilipofika mwanzo wa mvua tukaamua, mimi na Jenista, kudai. Hapo ndipo tulipokosea, na lilikuwa kosa la watu wenye adabu. Kwetu mtoto hasimami mbele ya mzazi akasema nipe changu. Anatafuta mtu mzima wa heshima akamsemee. Basi tukamwendea katekista, Mwalimu Faustini, mtu mpole ambaye Mama Renatus alimheshimu, tukamweleza yote: stoo, chenga, mwaka unakwisha. Alisikiliza akitikisa kichwa. Akaenda siku hiyo hiyo. Tulimwona kupitia mlango wa nyuma akikaribishwa sebuleni, tukaona chai ikipelekwa, kisha maandazi. Tukashikana mikono jikoni.

"Nimeongea na mama yenu," alituambia alipotoka, akijifuta midomo. "Ameumia sana. Lakini ni mtu wa Mungu, amewasamehe. Jumapili baada ya misa mtampigia magoti, yaishe."

"Tumekosa nini, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Kumpeleka mzazi kwa watu wa nje si kosa?"

"Na mshahara?"

"Kukiwa na amani nyumbani, hayo mengine yatajengeka yenyewe."

Na tulipiga magoti. Jumapili, uani, majirani wa jumuiya wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, mimi na Jenista tulipiga magoti kwenye mchanga tukamshika Mama Renatus miguu na kumwomba radhi kwa kudai jasho letu. Alitunyanyua, akatukumbatia, akatupa kila mmoja kitenge cha rafu ya chini ambacho panya walikuwa wamekionja pembeni. Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja alilia kwa furaha. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimepata aibu nyingine za kutosha, lakini ile bado inanichoma masikio nikiwa peke yangu jikoni.

Leo naelewa tulichofanya. Tulikuwa na dai la mtu wa kazi tukalipeleka kwa njia ya mtoto, na kwa kulipeleka hivyo tukakubali kwamba sisi ni watoto. Wapo watakaosema tungekwenda ofisini, wapo maafisa wa mambo hayo. Nenda wewe kaseme ofisini kwamba unamshtaki mwanamke ambaye mji mzima unajua unamwita Mama, aliyekuuguza malaria, aliyekuvisha hicho kitenge ulichovaa. Wangekuambia shukrani ya punda ni mateke, wakakurudisha ukapige magoti tena. Ndiyo maana nikisikia mwajiri anasema "hapa sisi ni familia," hata siku hizi, hata kwenye maduka yale yenye viyoyozi, mkono wangu unashika mkoba.

Sosteni alikuwa fundi baiskeli upande wa pili wa barabara, mtu wa maneno machache. Alikuja kununua kiberiti kimoja kimoja kwa siku nyingi mpaka Jenista akamwambia anunue boksi zima au aseme anachotaka. Akasema. Ndugu zake walikuwa watu wa Kibaoni, wakulima, wakaandaa barua ya posa ipelekwe Mwese kwa shangazi kama inavyotakiwa. Mama Renatus aliposikia, aliwahi. Aliwaita dukani, akawaambia barabara ya Mwese imekatika kwa mvua, malori hayapandi, na hata hivyo binti ana mama hapa. "Mimi ndiye niliyekabidhiwa," alisema, na kwa mara hiyo moja alikuwa anasema kweli. "Leteni barua kwangu na mahari kwangu. Nitaifikisha kwa shangazi yake njia ikifunguka." Wao walikuwa wageni mjini, wakaona mwanamke mwenye duka, anayeongea kwa heshima. Wakakubali.

Jenista ndiye aliyenifumbua macho, usiku tukiwa tumelala usawa wa dirisha.

"Yule dada aliyekuwa hapa kabla yako alitolewa mahari hapa hapa," aliniambia. "Hela iliingia kabatini kwa Mama. Wazazi walipelekewa blanketi na sukari. Eti ile nyingine ni gharama ya kumlea."

"Na mshahara wake?"

"Mshahara gani? Mtoto akiolewa analipwa?"

Nikaona wazi jinsi itakavyokuwa. Nitatoka pale na begi langu na kitenge cha panya, watapiga vigelegele, na mwaka wangu mzima utabaki kwenye kabati lile pamoja na mahari ya kunitoa. Nilitaka mshahara wangu. Sikutaka mtaji wala baraka wala kukumbatiwa. Nilitaka kilicho changu nikishike kwa mkono wangu, kabla sijawa mke wa mtu na dai langu kugeuka stori. Nilimwambia Sosteni kwamba siku ya mahari nikijibu kitu cha ajabu asishangae. Akaniuliza nitajibu nini. Nikamwambia bado sijui, na ilikuwa kweli.

Walikuja Jumapili mchana, mvua imekatika kidogo. Msemaji wao alikuwa Mzee Leonsi, baba mdogo wake Sosteni, mwenye koti zito ambalo hakulivua hata kwenye joto la sebule ile. Alikuja na shangazi wa Sosteni, mwanamke mnene aliyekula bila kuongea, na Sosteni mwenyewe ameketi karibu na mlango na soda ambayo hakuifungua. Upande wetu alikuwepo Mwalimu Faustini, majirani kadhaa, na mume wa Mama Renatus akiwa amepewa kiti kikubwa na hana la kusema. Jenista alisimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Siku hiyo mchele mzima ulipikwa, pilau yenye nyama, na harufu yake ilifika mpaka barabarani. Vitambaa vya viti vilikuwa vimepigwa pasi. Mzee Leonsi alisema maneno yake ya kuzunguka kama inavyopaswa, akaweka bahasha kwenye sinia, sinia ikafunikwa kitambaa, na mimi nikaitwa kutoka ndani, nikaketishwa kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha sebule ile.

"Mwanangu Editha," Mama Renatus akasema kwa sauti yake ya jumuiya, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Wamesema kilichowaleta, na wameweka hiki hapa mezani. Tupokee, tusipokee?"

Msichana huulizwa swali hilo siku moja tu maishani, na jibu lake linajulikana: anaangalia chini, anasema pokeeni, vigelegele vinapasua bati. Lakini lile ni swali la kweli. Bila neno lake hakuna mkono unaoruhusiwa kugusa sinia, uwe wa baba, wa mama, wa nani. Mwaka mzima katika nyumba ile hakuna mtu aliyeniuliza kitu akangoja jibu, na sasa walikuwa wamekaa wote, na mashahidi, wakiningoja mimi.

"Bado," nikasema.

Jirani mmoja alikuwa ameshaanza kigelegele; akakikata katikati.

"Bado nini, mwanangu?"

"Mama, ukinilipa mshahara wangu wa mwaka huu, pokeeni. Usiponilipa, msipokee."

Alicheka, akawageukia wageni. "Jamani huyu mtoto ana utani. Editha, wajibu wageni."

"Nimeshawajibu."

"Mbele za watu?"

"Nilikufuata peke yangu, ukasema hela ipo. Nikamtuma Mwalimu, nikapigishwa magoti. Sasa nasema mbele za watu."

Mwalimu Faustini alichungulia ndani ya chupa yake ya soda. Mzee Leonsi akakohoa, akaomba ruhusa ya kusema. "Samahani wenyeji, sisi ni wageni, naomba tusije tukapotea njia. Huyu binti ni mtoto wa nyumba hii au ni mtu wa kazi? Maana akiwa mtoto, ameshasema, na neno lake ndilo neno. Akiwa mtu wa kazi, basi mahari yake tumeileta mlango usio wake."

"Ni mwanangu," Mama Renatus akasema. "Muulize yeyote hapa. Nimemlea."

"Basi mlipe mwanao," akasema yule shangazi mnene, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

Mama Renatus aliitazama sinia. Nilimjua, nilikuwa nimemwona mara nyingi akipiga hesabu kimoyomoyo mbele ya mteja, macho yanasogea kidogo upande. Kisha uso wake ukafunguka, akawa mkunjufu kabisa. "Sawa," akasema. "Mimi si mtu wa kudhulumu. Pokeeni, tusiwacheleweshe wageni. Nitamlipa humo humo." Na akaelekeza kidole kwenye sinia.

Sidhani kama alijua alichosema. Kwake hela ikishaingia ndani ya nyumba yake ni yake, na akikukatia kipande ni ukarimu. Jenista aliguna pale mlangoni na maji ya birika yakamwagika miguuni kwake. Mimi nilihisi chuki safi, isiyochanganyika na kitu, wala uji wa malaria haukuwemo tena. Alikuwa tayari kunilipa jasho langu kwa hela ya kunioa, na chenji abaki nayo. Mzee Leonsi aliinua kitambaa taratibu, akachukua bahasha, akairudisha kwenye koti lake. "Hapana, mama," alisema. "Hii si hela ya duka."

Nilisimama nikaenda stoo kuchukua begi langu. Mama Renatus alinifuata mpaka mlango wa uani, na sauti ya jumuiya ilikuwa imemtoka. "Ukivuka hapo na hao watu, mimi si mama yako tena. Umesikia?"

"Nimesikia, bosi," nikamwambia.

Jenista alibaki. Aliniambia hana pa kwenda, na ilikuwa kweli. Sosteni alinuna karibu wiki, akasema ningemwambia mapema. Baadaye mvua zilipoisha ndugu zake walipanda Mwese kwa miguu na bahasha ile ile, shangazi akaniuliza lile swali, nikajibu kama wasichana wote. Mshahara wa mwaka ule sijalipwa mpaka leo, na sasa aliyenidhulumu yuko chini ya udongo na maua ya plastiki juu yake.

Lakini siku ya pili baada ya kuondoka, kabla sijajua kama nitaolewa au la, nilikwenda sokoni kutafuta kazi. Nilikuwa nimelala kwa ndugu wa Mzee Leonsi, na nilijua sipaswi kulala huko muda mrefu. Nikamwendea Mzee Hamadi, mtu wa Karema, aliyeuza dagaa na migebuka, samaki wa ziwani, kwa jumla na rejareja. Nikamwamkia, nikamwambia natafuta kazi.

"Kazi ipo, mwanangu," alisema kwa ukarimu, akinionyesha kigoda. "Utakaa nyumbani na mke wangu, utakula tunachokula, hutapata shida..."

"Sitakaa kwako, mzee. Na chakula nitajipikia. Nataka kujua unalipa kiasi gani, na tarehe ngapi."

Aliweka kopo la kupimia chini. Aliniangalia, akaangalia na begi langu, kisha akataja kiasi, akataja na tarehe.

Ilikuwa hela ndogo. Nilikuwa nimeandika bei za vitu mwaka mzima, kwa hiyo nilijua palepale itanunua nini na itashindwa wapi: chumba cha tope Nsemulwa, unga, mkaa, sabuni, mafuta ya taa, sukari kwa kubahatisha, nyama isahau, na ukiugua umekwisha. Nilipaswa kukasirika, na baadaye nilikasirika sana, miaka na miaka. Lakini asubuhi ile, harufu ya dagaa imenijaa puani, nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akiitaja kazi yangu kwa kiasi. Nikamwomba arudie.

"Hukusikia?" akauliza.

"Nimesikia, mzee. Rudia tu."